Kujipanga na intaviu ya Linux: anza na kuharibu kompyuta yako mwenyewe

Swali lenye liliniangusha Nakuru lilikuwa fupi tu. Diski ya seva imejaa, ukapata logi moja kubwa ya giga 20 (faili yenye programu inaandika kila inachofanya), ukaifuta na komandi ya rm, lakini df, ile komandi ya kuonyesha nafasi ya diski, bado inasema diski iko asilimia 100. Kwa nini, na utafanya nini? Mimi nilikuwa nimetoka Kisumu na matatu ya alfajiri, njia yote ya Kericho hadi Mau Summit nakariri maswali mia moja ya Linux yenye niliprinti saiba, na hilo halikuwa ndani. Nikajibu eti nitarestati seva. Yule mzee wa katikati kwa paneli akaniangalia, akauliza, "Wateja wako ndani, saa tano asubuhi, na wewe unarestati?" Nikanyamaza. Wakaniambia asante watanipigia, na mpaka leo hawajapiga.

Kurudi kwa matatu ndio nikaelewa shida yangu. Nilikuwa najua maana ya vitu, lakini hakuna siku nilikuwa nimeviona vikifanya kazi, wala vikiharibika. Na paneli ya hizi kazi za kuanza, sapoti, sysadmin junia, hizo za kukaa usiku ukiangalia seva za watu, hawana haja na maana. Wanataka kusikia ungeangalia wapi kwanza, alafu wapi. Kwa hivyo huu mwongozo nimeupanga hivyo, kila kitu kiko na jambo la kufanya kwa terminali, ile skrini ya kuandika komandi. Ukisoma tu bila kufanya utafika kwa paneli kama mimi nilivyofika Nakuru.

Hatua ya 1: tafuta mahali pa kuharibia

Laptopu ya zamani ya RAM giga 4 inatosha, zile mitumba za ex-UK ziko sawa kabisa. Kama bando ndio shida usidownload Ubuntu ya desktopu juu hiyo ni giga kadhaa, chukua Debian ile ndogo inaitwa netinst, iko chini ya giga moja, na ukifika mahali inauliza unataka desktopu gani ondoa zote. Skrini nyeusi na maandishi meupe. Utazoea.

Kama laptopu ni ya kazi ama ya ndugu yako na iko na Windows 10 ama 11, usiifute, fungua PowerShell kama admin uandike `wsl --install` na utapata Ubuntu ndani ya Windows. VirtualBox, yenye inakupa kompyuta ndani ya kompyuta, ni bora zaidi kama mashine iko na nguvu kidogo, juu hapo unaweza kupiga snapshot (picha ya hali ya mashine) kabla ya kuharibu alafu ukarudi nyuma kama hakuna kitu kimefanyika. Na kama uko na simu ya Android pekee, weka Termux, nusu ya haya mambo utayafanya, yenye hutapata ni root (yuza mkubwa mwenye ruhusa zote) na systemd (inayoamsha programu zingine mashine ikiwaka).

Stima ikipotea ukiwa katikati ya kuinstoli, na Kisumu mvua ikianza tu unajua itapotea, anza upya usilie. Mara ya tatu utakuwa unafanya ukiwa umefunga macho.

Hatua ya 2: "Linux ni nini?" bila kuimba

Hili huulizwa mwanzoni kukutuliza roho, na watu wengi hulijibu vibaya. Linux yenyewe ni kerneli, sio mfumo mzima. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, aliitangaza Agosti 1991 akisema ni kitu cha kujifurahisha tu. Zile programu zinaizunguka kama bash, ls (ya kuorodhesha faili) na cp (ya kunakili) zilitoka mradi wa GNU ambao Richard Stallman alitangaza 1983. Chukua kerneli, ongeza hizo programu, ongeza njia ya kuinstoli pakeji, hapo unapata distro. Hata simu yako ya Android iko na kerneli ya Linux ndani, tena hicho ni kitu kizuri kutaja juu kinaonyesha unajua kutenganisha kerneli na vitu vingine.

Sasa kerneli inafanya nini? Fikiria yale maduka ya Nyalenda ama Kondele yenye grili. Wewe mteja hauingii ndani, hata kama mkate unauona kwa macho. Unasimama nje ya grili unasema "nipe mkate", mwenye duka anaangalia kama uko na pesa, anakuletea. Programu zako ndio wateja, mwenye duka ndio kerneli, bidhaa ndio RAM, diski, kadi ya network na kila kitu cha mashine. Ile sauti yako kupitia grili inaitwa system call. Usiishie hapo kwa maneno, instoli strace, yenye inaonyesha system call za programu, uandike:

`strace ls`

Utaona mistari imejaa skrini, openat, read, write, mmap. Hiyo ndiyo ls ikiongea na mwenye duka. Ukimwambia mtu wa paneli "niliangalia na strace nikaona ls inaita openat na getdents64", hapo ameshajua wewe si wa kukariri.

Sheli (sio ile ya petroli) ni programu ya kawaida tu inayosoma unachoandika na kuanzisha programu zingine. Bash ndiyo utakutana nayo sana.

Kuhusu distro jua familia mbili basi. Debian na Ubuntu wanatumia apt na pakeji za .deb, Red Hat na Fedora na Rocky na AlmaLinux wanatumia dnf na .rpm. Ubuntu 24.04 maana yake ilitoka Aprili 2024, na zile za LTS, zenye hupewa sapoti ya muda mrefu, hutoka kila miaka 2. CentOS 7, distro ya familia ya Red Hat, sapoti yake iliisha Juni 2024, kwa hivyo ukiona tangazo la kazi bado linataja CentOS 7 ujue hapo kuna kazi ya kuhamisha seva inakungoja, na unaweza kuuliza hilo swali kwa adabu mwishoni wakikuambia "una swali lolote?"

Hatua ya 3: mashine inawakaje

Huyu wanampenda sana. "Nieleze kinachofanyika kuanzia nikibonyeza kitufe cha pawa." Jibu lifuate mstari: UEFI (ama BIOS kwa mashine za zamani), ile programu iliyo ndani ya mashine yenyewe, inaangalia vifaa alafu inatafuta pa kubuti, inaita GRUB, GRUB inapakia kerneli na initramfs kwa RAM, kerneli inaamka, initramfs inaisaidia kupata drivu za kufungua diski yenyewe, alafu kerneli inaanzisha prosesi (programu inayorun) ya kwanza kabisa, PID 1, yaani prosesi namba 1, ambayo siku hizi karibu kila mahali ni systemd. Systemd ndiyo inaamsha wengine wote mpaka unaona mahali pa kulogin.

Hapo ongeza kitu kimoja umefanya kwa mikono. `systemd-analyze blame` inakuonyesha nani alichelewesha kuwaka. Ama ile ya pasiwadi ya root imepotea: kwa GRUB unabonyeza e, unaenda mwisho wa mstari unaoanza na linux unaongeza `init=/bin/bash`, unabuti, unaandika `mount -o remount,rw /` alafu `passwd`. Fanya hii kwa mashine yako leo. Wakikuuliza "sasa hiyo si ni hatari?" unasema ndio, mtu akishaweza kugusa mashine yenyewe kwa mkono mambo yameisha, ndio maana kuna pasiwadi ya GRUB na diski kuensiripti na LUKS.

Hatua ya 4: faili, na yale majina mawili

Folda hizi zijue bila kufikiria: /etc ni mahali pa mipangilio, /var/log ni logi, /home ni watu, /root ni nyumba ya root mwenyewe, /tmp ni vitu vya muda, /dev ni vifaa vikiwa vimejifanya faili, na /proc si faili za diski hata kidogo, ni kerneli inakuongelesha. Jaribu `cat /proc/uptime` uone.

Mahali pa kukaa na kutulia ni inodi. Faili kwa Linux ni inodi: namba, yenye ndani yake kuna mwenye faili, permisheni, saizi, tarehe, na mahali data iko kwa diski. Kitu hakimo ndani ya inodi ni jina! Jina liko kwa direktori, na direktori ni daftari tu ya majina na namba za inodi.

Ukishashika hiyo, lile swali la hadi link (hard link) na soft link linakuwa rahisi. Kwetu mtu anaweza kuwa Peter kanisani na Otieno nyumbani. Ni mtu mmoja, ukifuta Peter kwa daftari ya kanisa Otieno bado anakula samaki Dunga. Hiyo ni hadi link, majina mawili ya inodi moja. Soft link ni kibao cha barabarani kimeandikwa "kinyozi huku". Kinyozi akihama, kibao kinaendelea kuelekeza watu hewani. Fanya hivi:

`echo habari > a`
`ln a b`
`ln -s a c`
`ls -li`

Angalia namba ya kwanza ya kila mstari, a na b ziko sawa, c iko na yake. Safu ya tatu inaonyesha 2 kwa a na b, hiyo ni idadi ya majina. Sasa `rm a`, alafu `cat b` inasoma vizuri, `cat c` inalia. Na hadi link haiwezi kuvuka kwenda diski nyingine, juu namba za inodi ni za filesystem moja, kila moja iko na zake.

Hii ya majina iweke kichwani, tutairudia kwa ile diski.

Hatua ya 5: permisheni

Kusoma (r) ni 4, kuandika (w) ni 2, kurun (x) ni 1, unajumlisha, mara tatu: mwenyewe, grupu, wengine. 755 ni rwxr-xr-x, 644 ni rw-r--r--. Hii kila mtu anaijua na paneli inajua kila mtu anaijua, kwa hivyo watakuja na mtego.

Mtego wa kwanza: faili iko 777 lakini yuza fulani hawezi kuisoma, kwa nini? Juu kuna folda huko juu yake haina x kwa huyo yuza. X kwa folda sio kurun, ni ruhusa ya kupita ndani. Mlango wa nyumba ukiwa wazi na geti limefungwa bado uko nje. Tumia `namei -l /njia/ya/faili`, inakuonyesha permisheni za kila folda kuanzia juu, na hii komandi watu wachache sana wanaijua, mimi mwenyewe niliionyeshwa na binamu yangu wa Kakamega ambaye hata hajasomea kompyuta.

Mtego wa pili: faili ni ya root, 600, iko ndani ya folda yako. Unaweza kuifuta? Ndio unaweza. Kufuta ni kutoa jina kwa daftari, na daftari ni yako. Ndio sababu /tmp iko na sticky bit, ile t ya mwisho kwa drwxrwxrwt, isingekuwepo mngekuwa mnafutiana vitu hapo kila siku. Na ukiona s kwa `ls -l /usr/bin/passwd` hiyo ni SUID, programu inarun kama mwenye faili, yaani root, juu bila hivyo wewe yuza wa kawaida hungeweza kubadilisha pasiwadi yako ndani ya /etc/shadow.

Usiwahi kusema kwa intaviu kwamba ungetatua shida na `chmod -R 777`, yaani kufungulia kila mtu kila kitu. Hata kama ndivyo unavyofanya nyumbani. Hilo jibu linaua.

Hatua ya 6: prosesi

Programu ikiwa imelala kwa diski ni programu, ikiamka inaitwa prosesi na inapewa PID. Prosesi inazaliwa na nyingine kupitia fork, alafu mara nyingi inaita exec kubadilika kuwa programu tofauti. `pstree -p` inakuonyesha ukoo wote mpaka babu PID 1.

Signali: `kill` bila kitu inatuma 15, SIGTERM, ni kama kumwambia mtu "tafadhali funga, tunaenda", anapata nafasi ya kuhifadhi vitu vyake. `kill -9` ni SIGKILL, kerneli inamtoa bila kuuliza, data yenye ilikuwa haijaandikwa imeenda. Anza na 15, ngoja, alafu 9. Ukianza na 9 kwa databesi mbele ya paneli utaona wanaandika kitu.

Zombi je? Prosesi mtoto amekufa, lakini mzazi hajaenda kuchukua ripoti ya kifo chake, kwa hivyo jina lake bado liko kwa rejista. Hatumii RAM ya maana wala CPU, anashikilia tu PID. Na swali lao la mtego ni "utaiua vipi zombi?" Huwezi kuua mtu ako mochari! Kill -9 haifanyi kitu. Unashughulika na mzazi, urekebishe programu ama umuue mzazi mwenyewe, hapo PID 1 anachukua yatima na kuwazika mara moja.

Load average, zile namba tatu kwa `uptime`, ni wastani wa dakika 1, 5 na 15. Watu husema "load 4 ni mbaya" na hiyo ni nusu ya jibu. Fikiria posho mill. Mashine mbili, watu wawili wanasaga, hakuna foleni, load ni 2 na kila kitu kiko sawa. Wakiwa watu wanane, sita wamekaa na magunia yao nje. Kwa hivyo linganisha load na idadi ya kore za CPU, `nproc` inakuonyesha. Alafu malizia na hii: kwa Linux load inahesabu pia prosesi zenye zimekwama zikingoja diski, zile za hali ya D kwa ps, ndio maana unaweza kupata load 30 na CPU imelala. Hapo angalia `top`, ile namba yenye imeandikwa `wa` inamaanisha kungoja diski, kwa hivyo usikimbilie kununua CPU.

RAM haraka: `free -h`, usiangalie free, angalia available. Linux inatumia RAM yenye imekaa bure kama keshi ya diski na inairudisha ikihitajika. Nimeona mtu akitaka kuongeza RAM kwa seva yenye iko sawa kabisa juu tu aliona free iko chini.

Hatua ya 7: servisi haifunguki, network, na cron

"Website iko chini, fanya nini?" Usirukie kurestati (nimeshakuambia yaliyonipata). Sema kwa mpangilio: `systemctl status nginx` kuona kama nginx, programu inayotoa hiyo website, iko hai, `journalctl -u nginx -n 50` kusoma ilisema nini kabla ya kufa, `ss -tlnp` kuona kama kuna programu inasikiliza port (mlango wa network wenye namba) 80 ama 443, zile za website, `curl -I localhost` kutoka ndani ya seva yenyewe, alafu ndio unatoka nje kwa faiwoli na DNS (yenye inageuza jina la website kuwa anwani ya mashine). Kwa ss angalia vizuri, ikionyesha 127.0.0.1:80 badala ya 0.0.0.0:80 basi servisi inaongea na yenyewe tu, mtu wa nje hatawahi kuifikia hata ukifungua faiwoli yote.

SSH, njia ya kuingia seva ukiwa mbali, iko port 22, DNS iko 53. Tofauti ya "connection refused" na "timed out" huulizwa pia. Refused ni kama umepiga simu mtu akakata, maana umefika, mashine iko, lakini kwa hiyo port hakuna anayesikiliza. Timed out ni simu inalia inalia hakuna jibu, paketi zinapotea njiani, mara nyingi ni faiwoli inazimeza ama mashine haiko. Na ki (key) yako ya siri ya SSH iwe permisheni 600, ikiwa wazi SSH inakataa kuitumia kabisa.

Cron ndiyo inarun kazi kwa ratiba, na mstari wake wa saa uko na sehemu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. `0 2 * * 1` ni kila Jumatatu saa nane usiku. Sisi Waswahili hapa tunaumia mara mbili, juu kwanza cron inahesabu saa za kizungu, hiyo 2 sio saa mbili yetu, na pili seva nyingi ziko UTC, ile saa ya kimataifa, masaa matatu nyuma yetu, kwa hivyo hiyo 2 ya UTC kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Kuna bakapu nilikuwa nimepanga iende usiku watu wakiwa wamelala, kumbe ilikuwa inaanza mama wa mandazi ameshawasha jiko. Andika `timedatectl` kabla ya kugusa crontab. Pia cron haina PATH (orodha ya folda za kutafuta programu) ndefu kama yako ya terminali, weka njia kamili ya programu ama skripti itarun kwa mkono vizuri na kwa cron ikatae.

Hatua ya 8: rudi kwa ile diski

Sasa tuitengeneze ile shida ya Nakuru nyumbani. Hakikisha uko na nafasi ya giga 2 na zaidi, alafu tengeneza faili na dd, ishikwe na sleep, uifute:

`dd if=/dev/zero of=~/kubwa.log bs=1M count=2000`
`sleep 3000 < ~/kubwa.log &`
`df -h ~`
`rm ~/kubwa.log`
`df -h ~`

Zile df mbili zinakupa namba sawa. Faili huioni kwa ls, lakini giga 2 hazijarudi. Hiyo sleep ndiyo inacheza kama servisi yenye imeshika logi. Umefuta jina kwa daftari, lakini inodi haiachiliwi mpaka mambo mawili yatimie, majina yawe sifuri na hakuna prosesi imeifungua. Hapa majina ni sifuri, lakini sleep bado ameishika mkononi. Mtafute:

`lsof +L1`

Hiyo inaonyesha faili zilizofunguliwa zenye idadi ya majina iko chini ya 1. Utaona sleep, PID yake, na neno deleted mwishoni. Kama ni seva ya watu weka sudo mbele ndio uone prosesi za wengine. Kama lsof haiko, `ls -l /proc/*/fd 2>/dev/null | grep deleted` itakupa fununu hiyo hiyo. Ukiua hiyo sleep, fanya df tena, giga 2 zimerudi.

Kabla ya kufika hapo kwa intaviu anza na `df -h`, alafu `du -xsh /* | sort -h` kutafuta nani amekula. Df na du zikikataana kwa giga nyingi, hapo ndio unashuku faili iliyofutwa ikiwa imeshikwa. Na kuna ndugu yake mwingine, df inasema nafasi iko lakini huwezi kuandika faili hata moja, "No space left on device". Angalia `df -i`. Inodi zimeisha, kuna mahali mamilioni ya faili ndogo ndogo zimejazana, kwa kawaida ni folda ya seshoni ama ya imeili.

Intaviu yangu ya pili ilikuwa hapa hapa Kisumu, ghorofa ya tatu, jengo moja la taoni, feni inazunguka na joto halisikii. Madam mmoja akauliza karibu swali lile lile. Nikamweleza majina na inodi, lsof, nikasema ningeirestati hiyo servisi moja, si seva yote. Akasema, "Sawa kijana, lakini hiyo servisi ni ya malipo, haiguswi mpaka usiku." Akageuza laptopu yake ikaniangalia mimi.

Hii nilikuwa nimeshaiharibu na kuitengeneza nyumbani mara nyingi. Faili iliyofutwa bado inafikika kupitia mkono wa prosesi inayoishika, ndani ya /proc. Ukiangalia lsof kwa safu ya FD utaona namba yenye prosesi imeipa hiyo faili, kwa sleep yetu ni 0, kwa ile yake ilikuwa 4. Unaikata iwe sifuri bila kugusa prosesi:

`sudo truncate -s 0 /proc/PID/fd/4`

Weka PID yenyewe hapo. Usijaribu `sudo : > /proc/...` juu ile alama ya > inafanywa na sheli yako kabla sudo hajaamka, utapigwa "Permission denied" mbele ya watu. Nikaandika df -h, diski ikashuka. Madam hakusema kitu, akavuta laptopu yake, akauliza nimwandikie cron ya bakapu ya kila Jumatatu saa mbili usiku. Nikamuuliza kwanza seva iko saa za wapi. Akasema UTC. Nikaandika:

`0 17 * * 1 /opt/bakapu.sh`